Kufunga kwa Neno, Kufungua kwa Miaka: Madarasa ya Thika na Ruiru

Ukisoma tarehe peke yake, habari ya shule za Kenya wakati wa korona ni fupi. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020. Jumapili yake Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, za kutwa kuanzia kesho yake na za bweni kufikia Jumatano. Tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akasema mwaka wa masomo umepotea na wanafunzi wataendelea na madarasa yaleyale mwaka ujao. Tarehe 12 Oktoba wakaitwa watoto wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne, na tarehe 4 Januari 2021 wakaitwa wote. Tarehe hizi hazina kosa. Kinachopotosha ni kuweka kufunga na kufungua katika mstari mmoja, kana kwamba ni mlango uliosukumwa upande huu kisha upande ule. Kufunga kulikamilika kwa siku tatu. Kufungua, hasa katika Thika na Ruiru, kulichukua miaka miwili na kulilipiwa na watu ambao hawatajwi katika tangazo lolote. Nami nashikilia kwamba hilo halikuwa ajabu ya mwaka mmoja. Kwa karibu karne nzima, katika upande huu wa Kiambu, serikali imekuwa na uwezo wa kulifunga darasa kwa neno, wazazi ndio wamekuwa wakilifungua kwa mifuko yao na mikono yao, na serikali imekuja baadaye kulihesabu kuwa lake.

Tuanzie Kambui, si mbali na Ruiru, ambako wamisionari wa Gospel Missionary Society waliweka kituo mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo ndipo Harry Thuku alipojifunza kusoma, kabla ya kwenda Nairobi na kuwa mwiba kwa wakoloni. Shule wakati huo ilikuwa mali ya misheni, nayo misheni ndiyo iliyochagua mwalimu, kitabu na mwanafunzi. Mzozo wa tohara ya wasichana ulipopamba moto mwaka 1929, misheni kadhaa ziliwataka waumini waikane desturi hiyo hadharani, na waliokataa wakajikuta nje pamoja na watoto wao. Madarasa mengi ya misheni katika nchi ya Wakikuyu yakabaki matupu. Mtu anaweza kuichukia desturi ile, kama ninavyoichukia mimi, na bado akaona jambo la pili lililotendeka, nalo ni kwamba wazazi hawakungoja kusamehewa. Walichanga, wakakata miti, wakaezeka, wakatafuta walimu. Kufikia miaka ya 1930 palikuwa na mashirika mawili ya shule huru, Kikuyu Independent Schools Association na Kikuyu Karing'a Education Association, hili la pili likiwa na mizizi hasa Kiambu. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, akaanzisha chuo cha ualimu Githunguri ili shule hizo zisikose walimu, na sehemu kubwa ya fedha ikatoka kwenye michango ya marika na ya akina mama. Mkulima wa kawaida, ambaye hakuruhusiwa hata kupanda kahawa kwa uhuru kama mzungu wa Ruiru au Thika, alikuwa akilipa kodi kwa serikali na wakati huohuo akiijenga shule ambayo serikali haikumjengea.

Kisha ikaja amri. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na katika miezi iliyofuata shule huru zikafungwa kwa madai kwamba ni vitalu vya Mau Mau. Githunguri nako kukafungwa, na mahali walipokuwa wakifundishwa walimu pakageuzwa kuwa mahali pa kunyongea watu. Kuanzia 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja wakahamishiwa vijiji vya lazima, vilivyozungukwa na mitaro na miti iliyochongwa ncha. Shule zilizofunguliwa tena zilirudi chini ya misheni au chini ya Bodi za Elimu za Wilaya (District Education Boards), nyingine kwenye viwanja vilevile walivyovitoa wazazi, na herufi D.E.B. bado zimo katika majina ya shule kadhaa nchini. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 8 wakati wa amri ile alipoteza mwaka, pengine miaka, na hakuna waziri aliyesimama kumwambia kwamba ataupata tena. Uhuru ulipofika, Harambee ikawa jina jipya la desturi ya zamani, wazazi wakileta mawe, mabati na nguvu zao, na serikali ikileta mwalimu akipatikana. Tarehe 12 Desemba 1973 Mzee Jomo Kenyatta alifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza, na mwaka uliofuata watoto waliosajiliwa katika shule za msingi nchini wakapanda kutoka milioni 1.8 hivi hadi karibu milioni 2.8. Amri ile ilikuwa njema, ila haikuja na vyumba. Shule zikaanza kudai ada ya ujenzi, ambayo mara nyingi ilizidi karo iliyofutwa, na wengi walioingia Januari wakawa wametoka kabla mwaka haujaisha. Tukio hilo la 1974 ni la kukumbukwa kila tunaposikia kwamba watoto wamerudi shuleni, kwa kuwa kurudi kwa siku ya kwanza na kubaki darasani ni mambo mawili.

Atatokea mtu aseme kwamba naunganisha visivyounganika. Baring alifunga shule kwa uadui, Uhuru Kenyatta alizifunga ili kulinda uhai, na kuwaweka katika ukurasa mmoja ni dhuluma. Pingamizi hilo lina uzito, nami sitaki kulipita juu juu. Machi 2020 hakuna aliyejua kwa hakika virusi vile vingewafanya nini watoto au nyanya na babu wanaolala nao nyumba moja, na nchi zaidi ya 190 zilifunga shule zao wakati fulani. Siulaumu uamuzi wa kufunga. Ninachokipima ni kitu kingine, yaani gharama ya kufunga iliangukia nani, na kazi ya kufungua ilifanywa na nani. Kwa kipimo hicho nia ya aliyetoa amri haibadilishi sana jibu. Gharama ilimwangukia mzazi wakati wa adui, na ikamwangukia mzazi wakati wa rafiki, na mwaka 2020 ilimwangukia kwa nguvu zaidi kwa sababu ya namna miji hii miwili ilivyokua.

Ruiru iliyojulikana zamani ilikuwa ya kahawa. Kituo cha utafiti kilichoko hapo ndicho kilichotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, aina inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Thika, iliyofikiwa na reli mwaka 1913, ilikuwa ya katani, mananasi na viwanda, na hadi leo honi ya kiwanda ndiyo inayopanga siku ya familia nyingi. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kukamilika mwaka 2012, mashamba yakakatwa vipande na kahawa ikang'olewa kupisha nyumba za kupangisha. Sensa ya 2009 iliihesabu Ruiru ikiwa na watu wapatao 239,000, na ile ya 2019 ikaihesabu ikiwa na takriban 490,000. Mji uliongezeka maradufu kwa miaka 10, na shule za umma hazikuongezeka hivyo. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imerudi mwaka 2003 chini ya Rais Mwai Kibaki, kwa mgao wa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, baadaye 1,420, lakini mgao hauna kiwanja na haujengi ghorofa. Pengo hilo lilizibwa na shule ndogo za binafsi za Githurai, Kimbo, Mwihoko, Kiganjo na Makongeni. Mara nyingi shule ya namna hiyo ni safu ya vyumba vya mabati nyuma ya ploti, au ghorofa ya chini ya nyumba ya kupangisha, ambapo madarasa mawili hutenganishwa kwa mbao nyembamba na mtoto wa huku husikia jibu la mtoto wa kule. Karo hulipwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, mzazi akipata. Mshahara wa mwalimu hutoka katika karo hiyo, na kodi ya jengo pia. Shule hiyo haina akiba. Inaishi mwezi kwa mwezi kama wanavyoishi wanaopeleka watoto wao hapo, na hilo ndilo lililoamua nini kingetokea mshahara wa wazazi ulipokatika.

Mshahara ulikatika mapema. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi na vitongoji vyake, na mpaka wa kaskazini ukawekwa kwenye daraja la mto Chania, pale Thika inapoachana na Murang'a. Kwa miezi mitatu kizuizi cha polisi kilisimama hapo. Familia nyingi za kipato kidogo zilikuwa zimekwisha kuwapeleka watoto ushago mara shule zilipofungwa, kwa kuwa chakula shambani ni rahisi kuliko chakula cha kununua. Mtoto aliyekuwa kwa nyanya yake Gatanga au Kandara sasa alikuwa ng'ambo ya kizuizi, na mzazi wake akiwa Ruiru akitafuta kibarua katika mji ambao vibarua vilikuwa vimesimama na kafyu ikianza saa moja jioni. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu waliendelea kulipwa, na ilikuwa haki yao. Wa shule za binafsi wengi hawakupata kitu tangu Machi. Wakauza mboga, wakaingia mijengo, wakaendesha bodaboda. Wenye majengo walidai kodi. Huko Mwea, Kirinyaga, shule moja ya binafsi ilijulikana hadi nje ya nchi kwa sababu madarasa yake yaligeuzwa mabanda ya kuku, na kufikia katikati ya mwaka chama cha shule za binafsi kilikuwa kikihesabu kwa mamia shule zilizofunga kabisa au zilizokaribia. Mtaani hesabu hiyo ilimaanisha kibao kilichong'olewa, viti vilivyouzwa kufidia kodi, na vyumba vilivyotiwa vitanda na kupangishwa.

Lakini masomo yaliendelea nyumbani, tuliambiwa. Taasisi ya Kukuza Mitaala ilirusha vipindi kupitia Radio Taifa, idhaa ya Kiingereza ya KBC, televisheni na intaneti, na Julai maputo ya kampuni ya Loon yakaanza kupeleka intaneti katika sehemu za nchi kutoka angani. Jitihada hizo zilikuwa za kweli na waliozifanya wanastahili shukrani. Hata hivyo sensa ya 2019 ilikuta radio inayofanya kazi katika takriban asilimia 57 ya nyumba za Kenya na televisheni katika asilimia 41, na uchunguzi wa shirika la Usawa Agenda mwaka 2020 ukakuta kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya watano alikuwa akifikiwa na masomo ya kidijitali. Mtu atajibu kwamba Thika na Ruiru si Turkana, kwamba hapa umeme upo, mtandao upo na simu zimejaa. Ni kweli, na ndiyo sababu mfano huu unafaa, maana unaonyesha kwamba mnara wa simu hautoshi. Tazama jinsi somo lilivyosafiri katika nyumba ya chumba kimoja. Mwalimu alituma picha ya zoezi kwenye kundi la WhatsApp saa mbili asubuhi. Simu yenye WhatsApp ilikuwa ya baba, na baba alikuwa ametoka nayo. Ile iliyobaki nyumbani ilikuwa kabambe, simu ndogo isiyofungua picha. Zoezi lilimfikia mtoto usiku, bando ikiwa imebaki kidogo, mdogo wake amelala kitandani palepale penye nafasi ya kuandikia, na kitabu alichoambiwa afungue kikiwa kabatini shuleni kwa sababu ni mali ya shule. Hata jibu likiandikwa na kupigwa picha, nani alilisahihisha siku ileile? Mtoto wa Gredi ya 1 hujifunza kusoma kwa kusikilizwa, na radio haisikilizi.

Thika ina ushahidi mwingine ambao miji mingi haina. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha hapo kituo cha wasioona ambacho kilikuja kuwa Shule ya Vipofu ya Thika, inayopokea watoto kutoka pembe zote za Kenya. Mtu wa haraka angedhani kwamba mtoto asiyeona ndiye aliyefaa kabisa kufundishwa kwa radio. Ukweli ni kinyume. Kusoma kwa Breli ni kazi ya ncha za vidole. Mwanzoni mwalimu huushika mkono wa mtoto na kuupitisha juu ya nukta, akimwonyesha wapi nukta ya tatu inakaa na wapi ya sita, mpaka kidole kizoee. Mashine ya kuchapia Breli ni nzito na ya bei, na ni ya shule. Vitabu vya Breli ni vinene mno kubebwa na mtoto kwenye matatu. Umbo la hesabu lililochorwa kwa mistari ya kuinuka halitamkiki hewani. Basi mtoto huyo akirudi kijijini aliachana na kalamu, kitabu na mkono wa mwalimu kwa wakati mmoja, na aliporudi alirudi katika nchi iliyokuwa ikihimiza watu wasigusane. Sijui hoja iliyo wazi kuliko hii dhidi ya wazo kwamba darasa ni habari tu zinazoweza kupitishwa kwa chombo chochote.

Januari 2021 ilipofika, milango ilikuwa wazi na mambo mengi hayakuwa tayari. Kanuni ilitaka umbali kati ya mtoto na mtoto, jambo ambalo shule za umma za Ruiru hazikuweza kulitimiza hata kabla ya korona, na Waziri Magoha mwenyewe alikiri kwamba umbali huo ungekuwa vigumu, akashauri barakoa zisisitizwe na wengine wasomee chini ya miti. Serikali ilikuwa imetenga shilingi bilioni 1.9 kwa madawati ya kutengenezwa na mafundi wa mitaani, na madawati hayo yalisaidia shule na yakawapa mafundi kazi wakati wa njaa. Lakini barakoa ilinunuliwa na mzazi, na baada ya wiki ikanunuliwa nyingine. Sabuni, matangi ya maji na vipimajoto viliingia katika orodha za shule. Watoto ambao shule zao za binafsi hazikufunguka waliingia shule za umma zilizokwisha kujaa, na wengine walifika wakiwa wameshikiliwa matokeo yao kwa sababu ya karo ya Machi. Jambo lililosahaulika haraka zaidi ni kalenda. Ili kuurudisha mwaka uliopotea, mihula minane ilibanwa kati ya Januari 2021 na Novemba 2022, mahali ambapo kawaida ingekaa sita. Mwaka 2022 peke yake mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulifanyika mara mbili, Machi na mwishoni mwa Novemba. Kwa mzazi wa shule ya binafsi mbano huo ulimaanisha muhula wa saba na wa nane wa karo bila mshahara wa ziada, na kwa mzazi wa shule ya umma ulimaanisha mihula miwili zaidi ya sare, chakula cha mchana na pesa za mitihani ya majaribio. Serikali iliufidia muda uliopotea. Bei ya muda huo ililetwa nyumbani.

Wapo wanaoipima safari hii kwa matokeo na kuona kwamba hofu ilizidi. Mtihani wa KCPE wa 2020 ulifanyika Machi 2021, na matokeo yalipotoka Aprili wengi walishangaa kuona kwamba hayakuporomoka, hata mtahiniwa wa kwanza kitaifa akitoka katika shule ya umma ya Makueni. Nafurahi kwa ajili yao. Hata hivyo matokeo huwapima waliofika kwenye chumba cha mtihani. Zaidi ya watahiniwa 12,000 waliosajiliwa hawakufika, idadi iliyozidi sana ile ya mwaka uliotangulia, na mtoto asiyefika hashushi wastani wa mtu yeyote. Tena Darasa la Nane ndilo lililotangulizwa kurudi Oktoba, likapewa walimu na vyumba ambavyo wengine walivikosa. Kuwatumia hao kuonyesha kwamba watoto wa Gredi ya 1 na ya 2 hawakudhurika ni kuchukua kundi lililolindwa na kulifanya shahidi wa lile lililoachwa.

Pamoja na Darasa la Nane walirudi Oktoba hiyo watoto wa Gredi ya 4, kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi, na safari yao inaonyesha kwamba desturi ninayoieleza haikuishia kwenye korona. Wakiwa bado wanakimbizana na mihula mifupi, serikali ilianzisha mpango wa madarasa 10,000 kwa ajili yao, yajengwe katika shule za sekondari, ambako sekondari ya chini ilitarajiwa kukaa. Maelfu yakajengwa kweli. Kisha Desemba 2022 uamuzi ukabadilika, na Januari 2023 watoto hao wakaanza Gredi ya 7 katika viwanja vilevile vya shule za msingi walizosomea, wakati vyumba walivyojengewa vikiwa katika shule nyingine. Katika shule za msingi zilizokuwa tayari zimepokea watoto wa shule za binafsi zilizokufa, Gredi ya 7 ilihitaji chumba, mwalimu wa sayansi na mahali pa kufanyia majaribio. Vikao vya wazazi vikaitwa, na katika ajenda palikuwa na ujenzi.